Kodi ya jengo inapanda, walimu wanapungua: pesa zinakwenda wapi?

SWALI: Sisi ni familia ya Tanga, tunaishi Austin, Texas. Nyumba tuliinunua kwa bei ya kuumiza kwa ajili ya shule. Tangu hapo uthamini umepanda na kodi juu yake, lakini shule ya watoto imepunguza walimu. Hivi kodi yetu haifiki shuleni?

JIBU: Inafika, dada yangu, ila haibaki yote. Kwetu kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU na shule ya mtaa haina habari nayo. Texas, shule ndiyo huchukua fungu kubwa la bili.

Zamani kila wilaya ya shule ilikula ilichovuna. Mwaka wa masomo 1967/68, Edgewood ya San Antonio ilijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ikaambulia dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, mji huohuo, ilitoza senti 85 ikapata dola 333. Wazazi wa Edgewood walishindwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1973, kura 5 kwa 4. Mwaka 1989 mahakama ya jimbo ikawapa haki wanyonge wa wilaya kama hizo, na 1993 ikaja sheria ya kuchukua kwa wilaya tajiri na kuzipa maskini, ambayo watu wanaiita Robin Hood.

Sasa jimbo hupanga kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi: dola 6,160 tangu 2019, na mwaka 2025 zikaongezwa 55 tu. Wanaohesabiwa ni waliohudhuria darasani. Kodi ya wilaya hutumika kwanza. Ikipungua jimbo hujazia, ikizidi jimbo huchukua ziada. Kwa hiyo nyumba yako kupanda thamani hakuiongezei shule stahiki yake. Austin imo katika wilaya zinazorudisha pesa nyingi kuliko zote.

Itazame bili yako: kiwango cha shule kina sehemu mbili, M&O ya mishahara na uendeshaji, na I&S ya madeni ya ujenzi. Ziada huchukuliwa kwenye M&O peke yake. Ndiyo maana unaweza kukuta shule ina paa jipya na haina mwalimu wa hesabu.

Lakini mimi naona bei za nyumba zinaumiza zaidi. Wenye watoto wadogo wanahamia miji ya pembeni kama Kyle au Hutto, na kila mtoto huondoka na fungu lake, wakati basi linatembea njia ileile. Mwalimu naye anakaa mbali. Akipata kazi karibu na kwake, utamzuia kwa lipi?

Kama hujajaza fomu ya msamaha wa nyumba unayoishi, nenda ofisi ya uthamini ya kaunti. Dola 140,000 za thamani hutolewa kwenye hesabu ya kodi ya shule, na jimbo huifidia wilaya, kwa hiyo huwanyimi watoto kitu. Fomu ni bure. Barua za kampuni zinazotaka malipo kukujazia, zitupe.