Mtoto anayeogopa usiku baada ya bibi kufariki

Dada wa Ngamiani, pole sana na msiba. Mwanao wa miaka 6 halali tangu bibi yake afariki, na anauliza kama malaika wanamwona gizani. Mjibu ndiyo, bila kusita. Katika Kurani, Surat Ar-Ra'd, aya ya 11, inataja walinzi wanaomfuata mtu mbele na nyuma kwa amri ya Mungu.

Mwanangu mimi nilikuwa nikimsomea Ayatul Kursiyu (aya ya 255 ya Surat Al-Baqara), kisha sura fupi za kinga, Kulhuwallahu na Kulaudhu zote mbili, mara 3, tunapuliza viganjani na kujipangusa mwili. Alisinzia kabla sijamaliza.

Ila usimwambie bibi kageuka malaika. Malaika wameumbwa kwa nuru. Bibi ni mja, anahitaji dua, na dua hiyo mtoto anaiweza.

Akilia, mwache alie. Mlaze ubavuni pako, hata mwezi mzima.