Padri, tukichinja mbuzi kwa babu Desemba hii nitakuwa nimetenda dhambi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo padri. Mimi ni binti Mkatoliki, kwetu Rombo, Uchaggani, ila naishi Dar. Desemba tunapanda nyumbani wote kama kawaida. Sasa baba mkubwa ameshatangaza kwenye grupu la familia kwamba tukifika tunachinja mbuzi kwa babu, alifariki nikiwa darasa la tano, manake biashara ya mdogo wangu imekufa (alikuwa anauza spea za pikipiki) na kuna mtaalamu, yani mganga, kasema babu hajaridhika. Kila mtu achange elfu hamsini. Rafiki yangu kazini ameokoka, ananiambia nisitoe hata mia, hiyo ni madhabahu ya ukoo, na kwamba hata kuweka maua kaburini ni kuabudu wafu. Nimechanganyikiwa. Kwa nini sisi watu weusi tunawakumbuka wafu kiasi hiki, na je ni dhambi?

JIBU: Milele amina binti yangu. Nianzie hapo pa "sisi watu weusi" kwa sababu pamenikaa vibaya. Nani kakwambia ni sisi tu? Wachina wana mbao zenye majina ya wazee wao ndani ya nyumba na wanaziinamia, Warumi wa kale walikuwa na sikukuu yao kila Februari ya kwenda kula makaburini kwa wazazi wao, na Abrahamu baba yetu wa imani, unajua ardhi ya kwanza kabisa aliyomiliki Kanaani ilikuwa nini? Kaburi. Mungu kamuahidi nchi nzima, yeye anazunguka na hema miaka na miaka, siku Sara anafariki ndo ananunua kiwanja, lile pango la Makpela, shekeli 400 za fedha taslimu, soma Mwanzo 23 uone alivyobembelezana na wale Wahiti ambao walitaka kumpa bure akakataa. Alafu Yakobo akiwa Misri anakaribia kufa anawaagiza wanae wamzike huko huko walipolala Abrahamu na Sara na Isaka na Rebeka na Lea. Na Musa usiku ule wa kutoka Misri, watu wanabeba unga haujachachuka, yeye anabeba mifupa ya Yosefu. Sasa Mchagga anayemzika baba yake migombani, ndani ya kihamba (shamba la ukoo), akapanda masale pale, ule mmea wa kuweka alama, ili mjukuu asije kulima juu ya babu yake bila kujua, huyo kafanya nini cha ajabu ambacho Yakobo hakufanya?

Kwa nini watu wanakumbuka. Mi nadhani jambo la kwanza ni deni tu. Umezaliwa umekuta jina lipo, shamba lipo, mfereji wa maji umeshachimbwa na watu ambao hujawahi kuwaona. Mimi mwenyewe nina jina la babu mzaa baba, kwetu ndo desturi mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la huko, na bibi yangu mpaka anafariki alikuwa ananiita mume wangu, hata baada ya kupata upadri, mbele ya masista. Nikiwa mdogo nilikuwa naona aibu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alikuwa ananiambia usifikiri umeanza na wewe. Kasisi mmoja Mwanglikana wa Kenya, marehemu John Mbiti, alieleza jambo hili vizuri sana miaka ya 60, kwamba kwetu Afrika mtu aliyekufa bado anahesabika yupo hai kwa namna fulani mradi kuna mtu duniani anayemkumbuka kwa jina, na anapokufa yule wa mwisho aliyemjua ndo anapotelea mbali. Fikiria uzito wake. Yani mjukuu akisahau ni kama anamzika babu mara ya pili.

Sasa Kanisa linasemaje. Rafiki yako simchukii, anakupenda na anaogopa kwa ajili yako, lakini amechanganya vitu vitatu akavitia kwenye kapu moja. Kumkumbuka marehemu, kumuombea marehemu, na kumuomba marehemu kama vile yeye ndo anashika uzima na riziki yako. Viwili vya kwanza Kanisa halijawahi kuvikataza, tena linavidai. Yoshua bin Sira sura ya 44 anaanza kwa kusema tuwasifu baba zetu, na hapo hapo anawataja wengine ambao hawana hata kumbukumbu, wamepotea kama hawajawahi kuwepo, unasikia huzuni kabisa kwenye maneno yale. Yuda Makabayo, yule jemadari wa Wayahudi, alichanga fedha, drakma kama elfu mbili, akapeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa, sura ya 12 ya kitabu cha pili cha Wamakabayo (najua rafiki yako Biblia yake haina kitabu hicho, usibishane naye hapo, mtakesha). Tarehe 2 Novemba ya Marehemu wote tunayo kutoka kwa Odilo, abati (mkuu wa monasteri) wa Cluny, Ufaransa, miaka elfu moja iliyopita. Na kuanzia tarehe 1 mpaka 8 Novemba ukienda makaburini ukasali kwa ajili ya marehemu, umeungama, umekomunika, umeombea nia za Baba Mtakatifu, Kanisa linakupa rehema kamili, yani kufutiwa adhabu ya dhambi iliyobaki, kwa ajili ya roho iliyoko toharani inakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Kwa hiyo maua yako kaburini, weka. Fyeka na majani kabisa.

Cha tatu ndo chenye kazi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kutafuta habari kwa wafu, na mfalme Sauli alipokwenda usiku kwa yule mama wa Endori kumpandisha nabii Samweli aliyekwisha kufa hakurudi na heri yoyote, alirudi na hofu na kesho yake akafa. Hapo sina namna ya kulainisha.

Ila ngoja nikupe stori moja naipenda sana. Mtakatifu Monika, mama yake Augustino, alikuwa Mwafrika wa kaskazini, Thagaste, leo ni Algeria. Huko kwao Wakristo walikuwa na desturi ya kupeleka chakula makaburini kwa mashahidi, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Sasa alipomfuata mwanae Milano mama wa watu akabeba kikapu chake kama alivyozoea nyumbani, uji, mkate na divai, akaenda. Mlinzi wa mlangoni akamzuia. Askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu watu walikuwa wanalewa pale na pia imefanana mno na zile sikukuu za wapagani kwa wazee wao. Monika hakununa wala hakusema hawa wazungu wanadharau mila zetu. Akaacha kikapu, akawa anapeleka sala, na kile chakula anawapa maskini. Augustino mwenyewe ameandika haya na anakiri kwamba asingekuwa Ambrosi, ambaye mama yake alimpenda, labda asingekubali kirahisi hivyo! Lakini sikiliza mwisho wake. Mwaka 387 Monika anaumwa Ostia, yuko mbali na kwao, watoto wanahangaika itakuwaje akifia ugenini, naye anawaambia huu mwili uzikeni popote msisumbuke, ninachowaomba ni kitu kimoja, mnikumbuke altareni pa Bwana popote mtakapokuwa. Yule yule wa kikapu cha uji. Hamu ya kukumbukwa haikuondoka, iliondoka sahani.

Na usidhani Kanisa lenyewe lilielewa haya siku moja. Kule China wamisionari Wajesuiti, wafuasi wa Matteo Ricci aliyefariki Beijing 1610, walisema kuinamia zile mbao za wazee ni heshima ya familia tu, wamisionari wengine wakasema hapana ni ibada ya sanamu, kesi ikaenda Roma ikazunguka weee, Papa Klementi wa 11 akakataza 1715, Benedikto wa 14 akapiga muhuri kabisa 1742 na mapadri wakawa wanaapishwa kwamba hawataruhusu desturi hizo. Mpaka 1939 ndo Pius wa 12 akaruhusu. Miaka 197 Mchina alilazimika kuchagua kati ya komunio na kumwinamia baba yake. Mi nikisoma historia hiyo huwa najishika ulimi kabla ya kumfokea mzee yeyote wa kihambani. Na majirani zetu Wakongo, misa yao iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 mwanzoni kabisa inawaita watakatifu na mababu wenye moyo mnyofu wawe pamoja na waumini, na Papa Fransisko aliadhimisha misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro Desemba 2019. Mababu, ndani ya Vatikani. Mwambie rafiki yako, ila kwa upole.

Haya, mbuzi wa baba mkubwa. Watu wengi wakiniuliza hili swali wanataka niseme mbuzi ni halali au haramu. Mbuzi hana kosa, mbuzi tunakula Pasaka, tunakula kipaimara, na mbege ni ndizi na ulezi. Wewe usiangalie mbuzi, sikiliza mdomo. Mzee atakapomwaga ile mbege chini anamwambia nani, na anamwambia nini? Mimi nimekaa kwenye vikao hivi, nimesikia mzee anasema "Ruwa (ndo Mungu kwa Kichagga), huyu baba yetu alitulea, mpumzishe, na sisi utupatanishe", alafu watu waliokuwa hawasemeshani wakashikishana jani la isale, alama ya kuombana msamaha, wakasameheana mpaka nikatamani nisingekuja na stola yangu ya kuungamishia, manake kitubio kilikuwa kimeshaanza bila mimi. Na nimesikia mwingine anasema "tumekupa ulichotaka, sasa tuachie mtoto". Maneno hayo ya pili anaambiwa jambazi aliyekuteka, hayo sio maneno ya kumwambia babu! Babu aliyekubeba mgongoni anageukaje kuwa mtu wa kunyonga biashara ya mjukuu wake kwa sababu ya mbuzi? Kama mnaamini hivyo kweli basi mumemtukana kuliko yule aliyesahau kwenda kaburini.

Kuna familia moja niliihudumia, sehemu naiacha bila jina. Walianza hivi hivi, biashara, mtaalamu, mzee hajaridhika. Walichinja, hali haikubadilika, wakarudi kwa mtaalamu, akasema sadaka imezuiwa na mtu ndani ya boma. Mtu huyo akawa ni mjane wa kaka yao, mwanamke anayeishi peke yake na kang'ang'ania robo eka ya migomba. Unaona inapoelekea? Nimezika imani ya watoto wake wawili pale, hawakanyagi kanisani wala kihambani. Ndo maana nikisikia neno mtaalamu kwenye swali lako nimekunja uso kabla sijafika kwenye mbuzi. Mizimu inasingiziwa sana, na kila inaposingiziwa kuna shangazi au mjane anayelipa.

Na hayo mahubiri ya madhabahu na laana za ukoo anayokupa rafiki yako, samahani, ni mtaalamu yule yule kavaa suti. Mmoja anasema babu hajaridhika lete mbuzi, mwingine anasema babu kakufunga lete sadaka ya kufunguliwa, wote wawili wamekubaliana kwamba babu yako ni adui yako. Watakusomea Kutoka 20:5, maovu ya baba kwa wana. Wasomee Ezekieli 18, mwana hatauchukua uovu wa baba, alafu waoneshe kwamba hiyo hiyo Kutoka 20 mistari saba mbele inasema waheshimu baba yako na mama yako, na haikuweka tarehe ya mwisho.

Spea za pikipiki, nikuambie ukweli, kaeni na mdogo wako muangalie daftari. Alikopesha wangapi? Kodi ya fremu ilipanda lini?

Kwa hiyo ufanye nini. Usijitoe kwenye grupu. Mpigie baba mkubwa, simu ya kuongea, sio voisi, umwambie kwa heshima, baba, pesa yangu ya kuwalisha watu na kupaka chokaa kaburi la babu nitatoa, na nia ya misa pia nitalipia mimi, naomba tumuite padri wa parokia au katekista asali nasi pale kaburini, ila ya yule mtaalamu simo. Atafoka kidogo. Wazee wengi nimegundua wakipewa misa kaburini, watu wote wamesimama migombani wanaitikia "raha ya milele uwape ee Bwana", wanatosheka, kwa sababu kilichokuwa kinawasumbua ni kwamba hakuna aliyekuwa anafanya chochote, watoto wanapanda na magari Desemba wanachoma nyama wanapiga picha wanashuka, hakuna anayeuliza nani amelala pale kwenye masale. Akikataa kabisa na mtaalamu akaja, nenda jikoni kasaidie wamama kupika, sio lazima usimame pale, wala usisimame kuwafokea. Na ukiwa peke yako kaburini kimoyomoyo ukasema babu niombee kwa Mungu, kama ungemwambia akiwa hai, mimi sitakuzuia.

Kitu kingine. Chukua daftari ukamkalie baba mkubwa jioni moja mapema, kabla ya wageni, akutajie majina kwenda nyuma mpaka atakapokwama, na wanawake pia, manake huwa wanarukwa, mama yake babu aliitwa nani, alitoka boma gani. Naomba orodha hiyo ufike nayo parokiani kwako kabla ya Novemba inayofuata, zile bahasha za marehemu huwa mnaandika "marehemu wote wa ukoo" basi, nami altareni nasoma hivyo hivyo huku nikijua kuna mzee mmoja tu huko Rombo ambaye bado anayakumbuka hayo majina, na ndo huyo unayeambiwa usimpe hata mia.