Jibu: Kayaki ya kwanza na namna ya kuibeba juu ya gari dogo

Ndugu, umeuliza ununue kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia) ya urefu gani kwa matembezi ya ziwa tulivu, na kama gari lako dogo litaweza kuibeba. Kwa maji ya aina hiyo ningekushauri uchague yenye urefu wa mita 3 hadi 3.5 na upana wa sentimita 70 hivi, kwa sababu upana huo huipa utulivu anaouhitaji mtu anayejifunza, ingawa huipunguzia kasi kidogo. Kabla ya kulipa, ikalie: nyayo zifike kwenye vikanyagio huku magoti yamekunjwa kidogo. Tenga pia fedha za jaketi la kujiokolea.

Kuhusu usafirishaji, ambako ndiko wengi huharibu chombo kipya, soma kwanza kitabu cha gari ujue paa linahimili kilo ngapi, uzito wa keria (fremu ya kubebea mizigo juu ya paa) ukiwemo. Kayaki ya plastiki huwa na kilo 20 hivi. Ilaze kifudifudi, uifunge kwa mikanda miwili ya kukazwa kwa mkono, kwani ile ya kukazwa kwa wenzo hubana kupita kiasi na kubonyeza plastiki, hasa inapopata joto la jua. Usokote kila mkanda mara moja, la sivyo upepo utaufanya uvume njia nzima. Kisha funga kamba kutoka omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) hadi kwenye ndoano za gari, na hatua hii nakusihi usiiache hata kwa safari fupi.