Mkuu, usilipe ardhi kabla hujaishika gridi

Mkuu, simamisha malipo ya ardhi leo. Umeuliza mambo manne kuhusu kituo chako cha umeme wa jua cha megawati 40: paneli za pande mbili au za upande mmoja, mitambo ya kugeuza paneli zifuate jua, ardhi ununue au ukodi, na betri. Halafu kuhusu gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, mwishoni kabisa ukachomekea, "gridi haina shida, kituo cha kupozea umeme kiko kilomita 6 tu na barua tunayo." Hapo ndipo nilipoacha shughuli zangu.

Sentensi hiyo, karibu neno kwa neno, ilikuwemo kwenye ripoti ya upembuzi yakinifu ya mradi wetu wa jua. Aliyeiandika alikuwa mshauri mwelekezi mwenye suti nzuri na slaidi nzuri kuliko suti. Barua aliyokuwa akiipunga kila kikao ilisema shirika la umeme halina pingamizi kimsingi. Aya ya mwisho, aliyoiruka nasi tukamwachia airuke, ilisema: kwa kutegemea matokeo ya utafiti wa gridi, yaani kupima kama gridi inaweza kuupokea umeme wetu. Utafiti wenyewe haukuwahi kufanyika! Barua ya namna hiyo haikutengei hata megawati moja. Mwenye mradi wa jirani anaweza kuwa nayo pia, tena ya kituo kile kile. Wetu alikuwa nayo. Mpole sana, na kwenye foleni alikuwa mbele yetu.

Sasa sikia kilichokuwemo kituoni. Transfoma mbili za MVA 20 kila moja (MVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, kinakaribiana na megawati), za kushusha kilovolti 132 kuwa 33. Mshauri akajumlisha: 20 na 20 ni 40, mradi ni 40, twendeni. Watu wa gridi hawahesabu hivyo. Wanauliza, moja ikizimwa kwa matengenezo, iliyobaki itabeba nini? Wanauliza tena, Jumapili saa saba mchana, jua limewaka na viwanda vimefungwa, mji unatumia kiasi gani? Kinachobaki lazima kipande kurudi kwenye laini kubwa, na vifaa vya ulinzi vya pale vilipangwa kwa kudhani umeme hushuka tu, haupandi. Hapo bado hujagusa volteji inayopanda mwisho wa laini, wala gridi iliyo dhaifu kiasi kwamba inveta, mashine za kugeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, zinajizima kila ikitikisika.

Dawa ni transfoma kubwa zaidi, na hiyo haiuzwi dukani. Unaagiza, unasubiri zaidi ya mwaka. Sisi paneli tulishazinunua, maana muuzaji alituapia bei inapanda. (Ilishuka. Bei ya paneli imekuwa ikishuka miaka nenda miaka rudi, ila sisi tulifanikiwa kununua siku ya ghali.) Tukazifunga, zikapendeza, zikaota jua bure kama watalii ufukweni. Riba yenyewe haikupumzika. Dhamana ya paneli ilianza kuhesabika tangu zilipopokelewa, walinzi wanataka mshahara, nyasi zinataka kufyekwa. Mkataba wa kuuziana umeme ulisema tunalipwa kwa kilichopita kwenye mita ya kituoni, na mita ilisoma sifuri kwa uaminifu mkubwa. Kibaya zaidi, tarehe ya kuanza kuuza ilitubana sisi peke yetu. Hakuna aliyeandika kwamba gridi ikichelewa, tarehe nayo isogee. Mshauri? Alishalipwa awamu ya mwisho. Simu yake ikawa "haipatikani" kuliko umeme wetu.

Na usidhani ni ushamba wetu tu. Kenya, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365, megawati 310, ikasimama tayari mwaka 2017, laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ikawashwa Septemba 2018. Wale angalau mkataba uliwalinda, gharama ya kuchelewa ikaangukia upande wa serikali. Vietnam walitoa bei nono kwa vituo vya jua vitakavyowashwa kabla ya Juni 2019 kuisha, watu wakakimbilia mikoa ya Ninh Thuan na Binh Thuan, laini zikazidiwa, vituo vipya vikaamriwa vipunguze uzalishaji jua likiwa utosini. Kampuni moja hatimaye ilijenga yenyewe kituo na laini ya kilovolti 500. Linganisha na Benban, eneo la vituo vingi vya jua kule Misri: vituo vya kupozea umeme vilipangwa pamoja na eneo zima, na wawekezaji wakachangia gharama.

Kwa hiyo: hakuna hela ya ardhi, ya paneli wala ya mkandarasi kabla ya mkataba wa kuunganishwa uliosainiwa, unaotaja megawati, kituo, tarehe na nani analipia nini. Nyuma yake kuwe na utafiti uliotumia takwimu za shirika lenyewe, za sasa. Na nenda kituoni, omba kusoma vibao vya transfoma na daftari la mzigo la zamu ya mchana. Mshauri wetu alikipiga picha kwa nje ya uzio.

Hizo kilomita 6 nazo ni za kwenye ramani. Tembea mkuza, yaani njia itakayopita laini yako, kwa miguu uhesabu wenye mashamba, makaburi na barabara. Wetu ulirefuka kila tulipokutana na mtu mwenye hati.

Ardhi, lipa kidogo ya kukushikia eneo, na mkataba useme utakodi ukishapata gridi. Betri inaweza kuusogeza umeme wa mchana hadi jioni transfoma ikiwa na nafasi, ila ukubwa wake utauona kwenye huo huo utafiti, kwa hiyo tunarudi pale pale.

Tupia hapa aya ya mwisho ya hiyo barua yako, ficha majina. Na kama karatasi za ardhi hujasaini, wiki hii usisaini.