Daktari, mimi ni mkimya: je, nimepungukiwa na dopamini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27 na ni mkimya tangu utotoni. Kikao cha kazini huisha sijatamka neno, na wanaopandishwa vyeo ni wenzangu wachangamfu. Nimesoma kwamba uchangamfu na ujasiri vinatokana na dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni. Nikapima mkojo, nikaambiwa dopamini yangu iko chini, nikauziwa unga wa kuipandisha. Hii ni wiki ya pili naunywa. Uchangamfu sijauona, ila nasikia kichefuchefu, na nikiinuka ghafla kizunguzungu kinanishika. Niongeze kipimo au nivumilie?

JIBU: Marahaba. Usiongeze wala usivumilie. Acha huo unga leo hii, kisha soma kilichoandikwa kwenye kopo. Ukikuta jina Mucuna pruriens, ujue umekuwa ukinywa mbegu za upupu. Ndiyo, upupu uleule unaowasha. Mbegu zake zina levodopa, dawa tunayowaandikia wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa viungo. Sehemu kubwa ya levodopa inayomezwa peke yake hugeuka kuwa dopamini huko huko mwilini kabla haijafika kichwani, na dopamini hiyo ndiyo inayochafua tumbo na kushusha presha mtu anaposimama. Kwa sababu hiyo vidonge vya hospitali huchanganywa na dawa ya pili, kabidopa, inayozuia mgeuko huo nje ya ubongo. Kwenye kopo lako kabidopa haimo, na kiasi cha levodopa kilichomo kwa kila kijiko hakuna aliyekupimia.

Sasa hicho kipimo. Karibu kila wiki mtu hunijia na karatasi kama yako, na kila mara inaniuma, maana ameshalipa na ameshaamini. Dopamini iliyomo kwenye mkojo hutengenezwa kwa sehemu kubwa na figo zenyewe. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho dopamini haikipenyi. Kwa hiyo aliyekupima alipima kazi ya figo zako, akakusomea tabia yako. Kipimo hicho kina matumizi yake halali, kwa mfano tunapotafuta aina fulani za uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo. Lakini hakuna kipimo cha mkojo, damu wala mate kinachoonyesha dopamini ya ubongoni.

Hata hivyo, kinachonikera kuliko kipimo ni picha iliyo nyuma yake: kwamba kichwani kuna pipa la dopamini, likijaa mtu anachangamka, likipungua ananywea. Pipa hilo halipo. Seli zinazotengeneza dopamini zinakadiriwa kuwa nusu milioni hivi, katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Zimejikusanya zaidi katika ubongo wa kati, zikatandaza matawi kwenda kwingine, na kila njia ina shughuli yake. Ipo inayoendesha mwendo wa viungo. Ikifa seli zake, mtu anapata Parkinson. Ipo inayohusika na hamu na jitihada, ipo inayosaidia kushika jambo akilini, na nyingine kazi yake ni kuzuia prolaktini, homoni inayochochea maziwa ya mama. Ukimwaga dawa mwilini, haichagui njia.

Tena ujumbe wenyewe uko katika mapigo ya umeme ya seli hizo, wala si ujazo. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli hizi kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilifyatuka juisi ilipofika. Nyani alipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, zikawa zinafyatuka taa inapowaka, na juisi iliyotarajiwa ilipofika hazikushtuka. Taa ikiwaka kisha juisi ikakosekana, zilinyamaza saa ileile ambayo juisi ingefika. Zinachotangaza ni tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Kuita hiyo «homoni ya furaha» ni kuwapotosha watu. Mwanasaikolojia Kent Berridge ameonyesha kwamba panya aliyeharibiwa dopamini huacha kula kabisa, lakini ukimdondoshea sukari mdomoni hulamba midomo kwa utamu kama kawaida. Raha anayo; kilichopotea ni msukumo wa kuifuata.

Je, dopamini haina uhusiano na tabia? Inao, na watafiti wanaihusisha na mvuto wa zawadi, wa mambo mapya, na kwa kiasi fulani na uchangamfu. Ila ni mwelekeo mdogo unaoonekana ukichunguza watu wengi kwa pamoja, wala haukuambii chochote kuhusu mtu mmoja aliyeketi mbele yako. Mwaka 1996 tafiti mbili zilidai kwamba jeni ya kipokezi kimoja cha dopamini (sehemu ya seli inayoipokea), iitwayo DRD4, huwafanya watu wapende mambo mapya. Ziliporudiwa kwa watu wengi zaidi, uhusiano ukafifia. Leo tunajua kwamba tofauti za tabia zinabebwa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo sana, na tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi wote kwa jumla ni karibu nusu tu ya hadithi.

Na dopamini ikisukumwa kwa dawa, hatupati mtu mchangamfu. Nimemtibu mwalimu mstaafu, mtu wa kuhesabu kila senti, tuliyempa kwa ajili ya Parkinson dawa inayoamsha vipokezi vya dopamini. Miezi michache baadaye mkewe aliniwekea mezani mfuko uliojaa tiketi za bahati nasibu, nyingine hata hazijakwanguliwa. Tulipunguza dawa taratibu, na ile hamu ikamwisha. Katika utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada, kama 14 katika kila 100 walikuwa na shida ya aina hii: kamari, manunuzi, ulaji au ngono isiyozuilika.

Kwa hiyo nasema na wengine pia. Mzazi, usimpe mtoto «mvivu» huo unga. Mwenye skizofrenia, au aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, asiuguse, kwani unaweza kumrudishia ugonjwa. Anayetumia dawa za sonona za kundi linalozuia MAO, kimeng'enya kinachovunja dopamini, akiuchanganya, presha inaweza kupanda kwa hatari. Na mwenye Parkinson asikimbilie kuacha vidonge vyake kwa kusoma haya. Kuviacha ghafla ni hatari zaidi.

Nikurudie wewe. Ukimya wa tangu utotoni, ukiwa unacheka na kuongea vizuri na watu wako wa karibu, hauna tiba kwa kuwa si ugonjwa. Kama kikaoni unalo la kusema lakini moyo unadunda na kinywa kinakauka, hiyo ni hofu, na inatibika vizuri kwa mazungumzo na mwanasaikolojia. Kama ulikuwa unapenda vitu na sasa havikuvutii, usingizi umeharibika na mwili mzito, tutazungumzia sonona. Kwanza kabisa, nenda kapimwe presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama, na kopo uende nalo.