Kiboko amezama au kimezama?

Mwalimu wa Mwanza anaandaa maelezo ya mamalia kwa wanafunzi atakaowapeleka Kisiwa cha Saanane. Anauliza: "Kwa kuwa wingi wa kiboko ni viboko, niandike kiboko kimezama au amezama?"

Andika kiboko amezama, viboko wamezama. Jina la kiumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata likianza na ki-, na si kwenye kitenzi tu: kiboko huyu mkubwa wa Rubondo, viboko hawa wakubwa. Kosa linalojitokeza sana ni la nusunusu, "kiboko kikubwa amezama". Upatanisho huu hubeba maana pia. Vifaru wamevuka mto ni wanyama. Vifaru vimevuka mto ni magari ya vita. Kibuzi kimepotea ni sahihi, kwa sababu hapo ki- ni ya udogo. Ya kiboko ni sehemu ya jina, na mwenyewe hupita kilo 1,000!

Ugumu hasa uko kwenye sentensi zinazoeleza jinsi mnyama anavyomudu mazingira yake, maana zinahama kutoka kwa mnyama kwenda kwenye kiungo, na kiungo kina ngeli yake. Tazama hii:

"Kiboko ana macho na matundu ya pua yaliyo juu ya kichwa, hivyo huona na kupumua huku mwili ukiwa majini. Ngozi yake hutoa ute mwekundu unaoikinga na jua."

Ana ni ya kiboko, yaliyo ni ya macho na matundu, ukiwa ni ya mwili. Katika unaoikinga, u- ni ute na -i- ni ngozi. Ukiandika unaomkinga hujakosea, ila sasa anayekingwa ni kiboko mwenyewe. Amua unamaanisha kipi kabla ya kuandika.

Kwa pimbi wa kwenye mawe ya Saanane: "Pimbi wana nyayo zenye unyevu, zinazowasaidia kung'ang'ania mwamba." Ukiweka wenye unyevu, umelowesha pimbi wazima.

Fisi maji naye huponza waandishi, kwa kuwa neno maji huvuta upatanisho. Si fisi maji haya, ni fisi maji hawa: "Fisi maji hawa wana manyoya yaliyosongamana, yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi."

Neno mamalia nalo halibadiliki kwa wingi: mamalia huyu mdogo, mamalia hawa wadogo.