Vishikio vya taa za dagaa vinakatika: je, printa ya 3D inatoa kitu cha kuuza?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Niko Kibirizi, Kigoma, natengeneza boti na taa za wavuvi wa dagaa. Nina printa ya 3D, nachapisha vishikio vya taa kwa plastiki ya PLA. Vikitoka vinapendeza, lakini vingine vimepinda juani na vingine vimekatika shingoni. Sasa mteja anataka 150. Je, printa hii ni ya sampuli tu? Na impela, kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji ndani ya pampu ya injini, naweza kuichapisha?

JIBU: Ndugu yangu, si ya sampuli tu. Injini za ndege za LEAP zinaruka na pua za kunyunyizia mafuta zilizochapishwa kwa metali, na pua moja imechukua nafasi ya vipande karibu 20 vilivyokuwa vikiunganishwa. Lakini kipande cha kazi hupangwa tangu mwanzo kwa ajili ya kazi yake, na hapo ndipo vishikio vyako vilipokosea.

Kupinda kumetokana na plastiki. PLA huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na boti iliyoanikwa ufukweni mchana kutwa inaweza kufika huko. Tumia plastiki ya PETG, inayovumilia mpaka karibu 80. ASA ni bora zaidi, maana inafika karibu 100 na jua haliichakazi haraka, ila inataka printa iliyofunikwa na chumba chenye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wake si mzuri kuvuta.

Kuhusu kukatika, chukua kimoja ukitazame mahali kilipoachana. Kama pamenyooka na kuteleza, kama ganda la kitunguu lililobanduka, basi zimeachana tabaka, zile ambazo printa huzipanga moja juu ya nyingine. Kama pana mikwaruzo na weupe uliovutika, plastiki yenyewe ndiyo iliyozidiwa. Nadhani chako ni cha kwanza, kwa sababu wengi huchapisha kishikio kikiwa kimesimama. Taa inaning'inia, boti inayumba, na nguvu yote inavuta tabaka moja itoke juu ya nyingine, na huo ndio upande dhaifu kuliko yote. Kilaze ubavu, ili nyuzi za plastiki zipite shingoni kwa urefu. Kona kali ya shingo iviringe, nusu kipenyo kisipungue milimita 4. Ongeza kuta, yaani mistari ya plastiki inayozunguka nje ya kipande, ziwe 4 au 5 kabla ya kufikiria kujaza ndani. Skrubu usiikaze kwenye plastiki tupu. Pitisha boliti yenye washa pana, yaani kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati.

Kausha plastiki pia. Unyevu wa ziwa huingia kwenye PETG. Ukisikia pua ya printa ikipasuka-pasuka kama mafuta ya kukaangia, weka rola ya plastiki kwenye nyuzijoto 65 kwa saa 4 hadi 6.

Tukija kwenye 150: kama kimoja kinachukua saa 3, ni saa 450, yaani karibu siku 19 bila printa kupumzika. Mwambie mteja mapema. Mipangilio iandike, usiibadilishe katikati, na pima kila kimoja kwa mizani. Kilichopungua uzito kina kasoro. Katika kila kumi, toa kimoja ukining'inizie ndoo ya lita 20 iliyojaa maji usiku kucha. Na umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, kipande kile usikiuze hata kama printa iliendelea vizuri. Tabaka lililopoa halishikani sawasawa na linalofuata, na macho hayataona.

Impela, hapana. Mapezi yake ni ya mpira, yanajikunja na kujinyoosha kila mzunguko, na kilichochapishwa kitaanza kupasuka kwenye tabaka. Maji yakikoma, injini inachemka, na wenye boti wako mbali na nchi kavu, usiku. Nunua ya mpira.